Maoni ya Wanafunzi juu ya Riwaya: Njia ya Kuendesha Somo la Majadiliano

Walimu wengi wa fasihi wamekwisha kuliona jambo hili. Mwanafunzi aulizwapo ana maoni gani juu ya riwaya aliyoisoma, hutazama kwanza uso wa mwalimu, kisha hufungua daftari na kusoma yale aliyoyanakili ubaoni wiki iliyopita. Dhamira ni hizi, ujumbe ni huu, wahusika wakuu ni hawa. Jibu hilo huenda likawa sahihi, lakini si lake. Madhumuni ya makala haya ni kueleza njia tuliyoijaribu ya kuwafanya wanafunzi waseme yaliyo yao, wayatetee, na wasikilize ya wenzao, hasa pale riwaya zinazosomwa zinapokuwa za aina mbalimbali.

Hatuna budi kukiri kwanza kosa letu. Katika miaka yetu ya mwanzo kazini tuliwataka wanafunzi wa kidato cha tatu wataje riwaya waliyoipenda. Kijana mmoja, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, alisimama akataja riwaya ya upelelezi. Tulimjibu mbele ya wenzake kwamba hicho ni kitabu cha kupotezea wakati. Darasa likacheka. Kijana akaketi, na hadi mwisho wa mwaka hakusema tena neno kwa hiari yake katika vipindi vyetu. Baadaye mtunza maktaba alitueleza kuwa hapakuwa na mwanafunzi aliyeazima vitabu kumshinda yeye. Tulikuwa tumemnyamazisha msomaji bora tuliyekuwa naye, na tulifanya hivyo kwa jina la fasihi.

Kosa lilikuwa kupima riwaya zote kwa pishi moja. Kila aina ya riwaya ina jambo inalomwahidi msomaji, na haki ni kuipima kwanza kwa ahadi yake yenyewe. Tutatoa mifano minne.

Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, ni riwaya ya upelelezi. Huahidi fumbo na ufumbuzi wake. Swali la kuanzia ni hili: je, dalili zilizomfikisha Bwana Msa kwenye ukweli ziliwekwa mbele ya macho yetu pia, au mwandishi alituficha?

Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, ni riwaya ya istiari. Nchi yake iko angani, na Karama hujitetea barazani kwa kusimulia safari za wajumbe waliotangulia. Swali: nchi hii ya kubuni hutufanya tuone nini katika nchi tuzijuazo?

Kuli ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1979, ina misingi ya kihistoria. Huchora maisha ya makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Swali: je, historia hiyo imekuwa maisha ya watu tunaowaamini, au imebaki hotuba?

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ni riwaya ya kijamii juu ya malezi ya binti wa baba mkali na mlevi. Swali: je, tumeonyeshwa sababu za anguko la Rosa, au tumeonyeshwa anguko tu?

Maandalizi. Gawa darasa katika makundi manne, kila kundi na riwaya yake, kwa muda wa wiki tatu. Vitabu vikiwa haba, wanafunzi wawili au watatu wasome nakala moja kwa zamu. Mwalimu asitoe maelezo yoyote juu ya riwaya katika muda huo. Kila mwanafunzi aandike sentensi tatu katika karatasi: ya kwanza itoe maoni yake, ya pili itaje ukurasa uliomfanya awe na maoni hayo, na ya tatu ieleze jambo analolionea shaka. Sentensi ya tatu ndiyo iliyo ngumu kuliko zote, nayo ndiyo inayofungua mazungumzo.

Somo lenyewe lahitaji vipindi viwili vinavyofuatana, yaani dakika 80. Katika dakika 20 za kwanza, kila kundi lijadiliane peke yake kwa kutumia karatasi hizo. Kundi lisilazimishwe kufikia uamuzi mmoja. Dakika 40 zinazofuata ni za baraza la darasa zima: kila kundi lieleze ahadi ya riwaya yake, liseme kama ahadi imetimizwa, kisha lijibu maswali. Dakika 20 za mwisho ni za kuandika aya moja inayoanza kwa maneno, "Nilidhani kwamba", na kuendelea kwa maneno, "sasa naona kwamba", au, "bado naona kwamba". Kubaki na maoni yale yale si kosa, mradi mwanafunzi aonyeshe amesikia hoja za upande wa pili.

Kazi ya mwalimu katika baraza ni ndogo kwa macho, lakini ni nzito. Mwanafunzi mmoja alipata kutuambia kuwa wahusika wa Kusadikika si watu, bali ni sifa zilizopewa majina. Tulitamani kumjibu papo hapo. Tulijizuia tukauliza, "Nani ana ukurasa wa kumjibu mwenzetu?" Msichana mmoja wa kundi la upelelezi, ambaye hakuwa ameisoma riwaya hiyo, aliuliza kama mtu mzima mwenye damu na nyama angeweza kubeba fumbo la nchi nzima. Darasa lilinyamaza likifikiri. Maelezo yetu juu ya istiari yasingaliweza kufanya kazi hiyo.

Hata hivyo, tahadhari yahitajika. Rosa Mistika ilipigwa marufuku shuleni kwa muda baada ya kutoka, na hilo latukumbusha kwamba hata watu wazima walitofautiana vikali juu yake. Katika baraza letu mvulana mmoja alisema Rosa alijitakia mwenyewe. Msichana akamjibu kwamba baba alimfundisha binti yake kuogopa, hakumfundisha kuchagua. Sauti zilipanda. Mwalimu asizime moto wa namna hiyo, ila auzungushie mawe: watu wazungumze juu ya Rosa na Zakaria, wasizungumze juu ya mabinti na wazazi waliomo darasani au kijijini. Mwanafunzi asilazimishwe kueleza ya nyumbani kwake ili kuthibitisha hoja. Akionyesha kuwa jambo limemgusa mno, mwalimu azungumze naye faraghani.

Yako malalamiko kwamba njia hii hula muda wa mtihani. Sisi hatukubali. Mtihani humtaka mwanafunzi athibitishe hoja kwa mifano kutoka kitabuni, na hilo ndilo alifanyalo kila anapotaja ukurasa. Ila mwalimu aelewe mpaka wake: baraza halifundishi istilahi za fani na maudhui. Hizo zifundishwe katika kipindi kinachofuata, wakati mwanafunzi ana jambo la kulipa jina.

Yule kijana wetu wa upelelezi alihitimu kabla hatujajifunza haya, wala hatukupata nafasi ya kumwomba radhi. Huenda katika darasa lako yupo mwingine, ameketi safu ya nyuma na kitabu chini ya dawati. Kabla hujamnyang'anya, mwulize kinahusu nini, na kama mwandishi ametimiza ahadi yake.