Kidonge Kimoja, Miili Miwili: Jeni ya CYP2B6 na Lugha ya Mgonjwa

Makala haya yanaeleza jinsi tofauti ndogo ya kijenetiki inavyobadilisha athari ya dawa, na kwa nini jambo hilo linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili.

Na ichukuliwe mifano ya majirani wawili wa Kimumu, Eldoret, waliotumia efavirenzi, dawa ya kupunguza makali ya VVU, kabla ya dolutegraviri kuanza kuchukua nafasi yake nchini Kenya mnamo 2017 na 2018. Kila mmoja alimeza miligramu 600 kabla ya kulala. Wa kwanza alilala salama; wa pili aliamka na kizunguzungu baada ya ndoto za kutisha. Jamaa wakasema amezidisha dawa; wengine, amerogwa.

Sababu imo katika ini. Humo mna vimeng'enya vya jamii ya sitokromu P450, ambayo kwa binadamu ina jeni 57. Mojawapo, CYP2B6, iko katika kromosomu ya 19, na kimeng'enya chake ndicho hasa huvunja efavirenzi. Katika nafasi ya 516 ya jeni hiyo, baadhi ya watu wana herufi T badala ya G. Badiliko hilo huweka histidini mahali pa glutamini katika nafasi ya 172 ya protini. Aidha, huvuruga uunganishaji wa ujumbe wa jeni, hivyo kimeng'enya kikapungua. Anayerithi T kwa baba na kwa mama huichelewesha dawa mwilini, nayo hulimbikizana katika damu. Aina hii imeenea zaidi Afrika kuliko Ulaya. Mnamo 2016, Shirika la Afya Duniani liliitambua miligramu 400 kuwa kipimo mbadala.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Kauli "dawa imemkataa" haielezi kitu, na mgonjwa aliyekata tamaa huweza kuacha vidonge, virusi vikawa sugu. Ilhali Kiswahili kina kitenzi *meng'enya*, kilichozaa *mmeng'enyo* na *kimeng'enya*. Anayeujua mmeng'enyo wa chakula ataelewa akiambiwa: "Mwili wako humeng'enya dawa hii polepole; hukukosea; usiiache, mwambie daktari apime upya kiasi chake."

Istilahi iliyoundwa vyema, basi, si pambo la kamusi. Humwondolea mgonjwa lawama isiyo yake, ikamdumisha katika tiba.