Kipimasauti Sebuleni: Kutofautisha Spika Dhaifu na Sikio Dhaifu

Ichukuliwe familia moja ya mfano huko Kilindoni, makao makuu ya Wilaya ya Mafia. Sebuleni kuna runinga pana, spika tano na sabufa. Babu, aliyekaa miaka mingi karibu na injini ya boti ya uvuvi, anataka sauti iongezwe kila jioni. Mjukuu aketiye mkekani, mbele ya spika, anaziba masikio. Baba naye anaamini kwamba spika ya katikati, itoayo maneno ya waigizaji, imeharibika. Kila mmoja anahukumu kwa sikio lake, na sikio lililoharibika halijui kuwa limeharibika. Mwamuzi wa shauri hili ni kipimasauti. Somo hili linaeleza namna ya kukichagua, kukitumia, na kutambua wakati ambapo tatizo si la fundi wa spika bali la mhudumu wa afya.

Maana ya desibeli

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Ngazi zake si za kujumlisha kama shilingi: ongezeko la desibeli 3 ni nishati maradufu, na la desibeli 10 ni nishati mara kumi. Mazungumzo ya kawaida, umbali wa mita 1, hukaribia desibeli 60. Kwa hiyo hatua chache za rimoti, zinazoonekana ndogo, zaweza kuwa mzigo mkubwa kwa sikio la ndani.

Namna ya kuchagua kifaa

Jambo la kwanza ni daraja. Kiwango cha kimataifa IEC 61672 kinagawa vipimasauti katika daraja la 1 na la 2. Katika toleo la mwaka 2013, kosa linaloruhusiwa kwenye mawimbi ya 1000 Hz ni desibeli 0.7 kwa daraja la 1, na desibeli 1 kwa daraja la 2. Kwa sebule, tofauti hiyo haina uzito. Daraja la 2 linatosha. Kifaa kisichotaja daraja lolote kisinunuliwe kwa sababu ya bei tu.

La pili ni vichujio. Kifaa kiwe na kichujio A na kichujio C. Kichujio A huiga udhaifu wa sikio kwa sauti nzito: kwenye 63 Hz hupunguza desibeli 26. Kichujio C hupunguza chini ya desibeli 1 hapo hapo. Anayesawazisha sabufa kwa kichujio A atadanganyika. Ataiongeza mpaka bati litikisike na jirani akose usingizi, ilhali kioo cha kifaa kinaonyesha namba ndogo.

La tatu ni uhakiki. Kihakiki ni kifaa kidogo kinachovishwa kwenye maikrofoni na kutoa sauti ya desibeli 94 kwenye 1000 Hz. Kipimasauti kikisoma 91, mwenyewe anajua kimepotoka. Kwa mkazi wa kisiwani, anayelazimika kuvuka hadi Nyamisati na kusafiri mbali kutafuta fundi, kuwa na kihakiki au kukiazima kwa mwenzake kuna faida kuliko vitufe vingi vya mapambo.

La nne ni mazingira. Unyevu na chumvi ya bahari huathiri maikrofoni. Kifaa kiwe na sanduku linalofungwa vizuri, na ndani yake kiwekwe kifuko cha kunyonya unyevu. Kitumie betri zinazopatikana katika maduka ya karibu. Sponji ya kuzuia upepo ni muhimu penye feni au madirisha wazi.

Programu za simu husaidia kukadiria tu. Taasisi ya NIOSH ya Marekani ilitoa programu ya bure kwa iPhone mwaka 2017, lakini simu za aina nyingine hutofautiana sana, na maikrofoni ya simu haikutengenezwa kwa ajili ya sauti nzito za sabufa.

Namna ya kupima

Feni na jenereta vizimwe, na isiwe saa ya mvua kupiga bati. Kifaa kiwekwe mahali pa kukaa, kwenye kimo cha sikio, maikrofoni ikielekea dari. Achaguliwe kichujio C na mwendo wa polepole, unaoandikwa kwa herufi S. Amplifaya nyingi zina sauti ya majaribio inayofanana na mvumo wa maji. Kila spika ichezwe peke yake na kurekebishwa mpaka isome desibeli 75. Spika zikilingana, baba wa mfano wetu anapata jibu lake: ya katikati ni nzima, au ni mbovu kweli.

Hatua ya pili ni ya afya. Filamu ichezwe kama familia inavyosikiliza kila siku. Kichujio sasa kiwe A, na kama kifaa kina kipimo cha wastani wa muda, kitumike kwa dakika 15 au zaidi. Kipimo kirudiwe pale anapoketi mtoto, si kwenye kochi la wakubwa pekee.

Kusoma matokeo

Kwa mahali pa kazi, NIOSH inapendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu: 88 kwa saa 4, 94 kwa saa 1, 100 kwa dakika 15. Kwa usikilizaji wa starehe, Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa watu wazima, na 75 kwa watoto. Seli za sikio la ndani zikifa haziotи tena, na hakuna dawa ya kuzirudisha.

Sasa shauri la babu. Ikiwa chumba ni kimya, spika zimelingana, maneno yanasomeka desibeli 60 hadi 65, wengine wanayafuata bila taabu, lakini yeye hayaelewi, basi shaka ihamie kwenye masikio yake. Usikivu unaopotea kwa uzee au kelele huanza na sauti nyembamba, zilizobeba konsonanti. Vokali husikika, lakini «paka», «taka» na «saka» huwa neno moja. Ndiyo maana babu husema, «Nasikia, ila sielewi.» Kuongeza sauti hukuza vokali zaidi, na kumuumiza mjukuu.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Kipimasauti hupima chumba, hakipimi usikivu wa mtu. Mhudumu amwulize mgonjwa: je, jamaa zako hulalamika kwamba unaweka runinga juu? Kisha amwangalie masikio, kwani nta iliyoziba, usaha au kiwambo kilichotoboka vyaweza kutibiwa. Jaribio la mnong'ono, likifanywa kwa nyuma ya mgonjwa kwa urefu wa mkono, huonyesha nani apelekwe kupimwa usikivu kwa kifaa maalumu. Usikivu uliopotea ghafla, hasa katika sikio moja, ni dharura; mgonjwa asisubiri hata wiki.

Wakati huo, babu asogezewe kiti karibu na runinga, mazulia na mapazia yapunguze mwangwi, na spika ya maneno pekee iongezwe kidogo badala ya zote. Kifaa cha kusaidia kusikia, kikipatikana mapema, humrudisha katika mazungumzo ya nyumbani, ambayo kukosekana kwake humtenga mzee kuliko kukosa filamu.