Video Inakwamakwama Kwenye Kompyuta: Pima Kabla Hujalipa

Tangu mbio za magari za Safari ziliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 na kuweka makao Naivasha, kila mwaka watu hurejea nyumbani kutoka Soysambu, Kedong na Hell's Gate wakiwa na simu zilizojaa video. Jioni faili inahamishiwa kwenye laptopu, familia inakusanyika, gari linaingia kona, na picha inaganda. Mlio wa injini unaendelea, gari limebaki hewani. Ndivyo inavyokuwa pia kwa video ya harusi iliyoletwa kwenye flashi, na kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton anayefuatilia masomo YouTube usiku.

Kinachofuata mara nyingi ni gharama. Mtu anaongezewa RAM, au anapandisha kifurushi cha intaneti, au anauziwa mashine nyingine, na video inaendelea kukwama kama jana. Hilo linaumiza, kwa sababu kila chanzo cha tatizo hili kina dalili yake, na dalili hizo unaweza kuzisoma mwenyewe nyumbani bila kutoa hata shilingi. Haya ni maswali yanayoulizwa sana Nakuru na viunga vyake.

Nitajuaje kama ni intaneti au ni kompyuta?

Angalia inavyokwama. Kiduara kikizunguka katikati ya skrini, picha na sauti vikasimama pamoja kisha vikaendelea pamoja, data haifiki kwa wakati: huo ni mtandao. Sauti ikienda sawasawa huku picha ikiruka au kuchelewa nyuma ya maneno, data imeshafika, ila mashine haiwahi kuifungua. Na ikiwa faili imo ndani ya kompyuta yenyewe, intaneti haihusiki kabisa. Anayekushauri upandishe kifurushi kwa sababu ya video iliyo kwenye diski yako anakutia hasara.

Kwa YouTube kuna kipimo kizuri zaidi. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya video inayocheza, uchague mstari wa mwisho wa orodha, Stats for nerds. Kisanduku cheusi kitafunguka. Tafuta mstari wa Viewport / Frames, penye maneno dropped of: nambari iliyo kabla ya maneno hayo ni fremu ambazo kompyuta imeshindwa kuzionyesha, iliyo baada yake ni jumla. Nambari ya fremu zilizoshindikana ikipanda kila unapotazama, mashine imelemewa. Kisha tazama Buffer Health, yaani sekunde za video ambazo tayari zimepakuliwa zikisubiri zamu. Zikishuka hadi sifuri ndipo picha isimame, lawama ni ya mtandao.

Mbona simu inaicheza vizuri na laptopu inashindwa?

Hili ndilo swali linalowashangaza watu wengi, maana laptopu ni kubwa na ilinunuliwa kama mashine ya kazi.

Picha moja ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, karibu milioni 8.3. Hiyo ni mara nne ya picha ya 1080p, na kila sekunde zinapita picha 30 au 60. Hakuna simu inayoweza kuhifadhi mzigo huo ulivyo, kwa hiyo video hubanwa kwa kanuni maalumu ziitwazo kodeki. H.264 ilitoka mwaka 2003 na karibu kila kompyuta inaielewa. HEVC, ambayo pia huitwa H.265, ilitoka mwaka 2013, na mwaka huo huo ikaja VP9 ya Google. AV1 ikafuata mwaka 2018. Kadiri kodeki inavyokuwa mpya ndivyo faili inavyokuwa ndogo, na ndivyo kazi ya kuifungua inavyokuwa nzito.

Simu yako ina sehemu ndani ya chipu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. iPhone, kwa mfano, zimekuwa zikirekodi kwa HEVC tangu mwaka 2017 zilipopata iOS 11, kuanzia iPhone 7, na simu nyingi za Android nazo zina uwezo huo. Laptopu isiyo na sehemu ya namna hiyo huitupia prosesa kuu kazi yote, nayo inaifanya kwa mabavu, kama mtu mwenye jembe kwenye shamba la ngano la Njoro ambalo trekta ingelimaliza asubuhi moja.

Sasa tazama laptopu yenyewe. Nyingi zinazouzwa mjini kwa jina la ex-UK ni mashine za ofisi zilizostaafishwa Ulaya: HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, Dell Latitude. Ni mashine imara na sina neno baya juu yake. Lakini kizazi cha prosesa ndicho kinachoamua. Fungua sehemu ya mfumo katika Windows usome jina la prosesa. Ikiwa ni i5-4300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari inakuambia ni kizazi cha 4. Kizazi cha 4 na cha 5 hufungua H.264 bila shida, lakini kwa HEVC vinategemea nguvu za prosesa. Kizazi cha 6 kinaiweza HEVC ya kawaida, ila ile ya biti 10 inayotumiwa kwa video za rangi nyingi zaidi hukilemea. Kuanzia kizazi cha 7, HEVC ya biti 10 na VP9 zote zina sehemu yake maalumu. AV1 iliingia kwenye kizazi cha 11, mwaka 2020. Kwa EliteBook 840, G1 ni kizazi cha 4, G3 ni cha 6, G5 kwa kawaida ni cha 8. Kwa ThinkPad, T440 ni cha 4 na T480 kwa kawaida ni cha 8.

Ukitaka ushahidi wa macho, cheza video inayokwama kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Nenda Performance, halafu GPU. Mchoro wa Video Decode ukiwa umelala chini kabisa huku ule wa CPU ukigonga asilimia 100, prosesa inafungua video peke yake.

Kabla ya kuwaza mashine mpya, angalia skrini. Laptopu nyingi za kundi hili zina skrini ya pikseli 1366 kwa 768, yaani milioni moja na kidogo. Video ya 4K inaletea skrini hiyo pikseli mara nane ya zile inazoweza kuonyesha. Mashine inahangaika na kutoa joto kwa ajili ya kitu ambacho jicho lako halitakiona. Kwenye YouTube shusha ubora hadi 1080p: hapo huwa kuna nakala ya H.264, ilhali 4K hutolewa kwa VP9 au AV1 pekee. Kivinjari kikiendelea kuchukua VP9 hata kwenye 1080p, kuna kiongezi cha bure kiitwacho h264ify kinachokilazimisha kuchukua H.264. Kwa faili za simu, programu ya bure ya HandBrake itazigeuza kuwa 1080p za H.264. Kwenye mashine ya zamani kazi hiyo huchukua saa nyingi, kwa hiyo iache ifanye kazi usiku, na usifute faili ya asili. Video zijazo zirekodi kwa 1080p tangu mwanzo, au kwenye iPhone uchague Most Compatible katika mipangilio ya kamera.

Video za harusi zina mtego wake. Kamera za kitaalamu zinaweza kurekodi H.264 au HEVC za aina inayoitwa 4:2:2 ya biti 10, na aina hiyo ya H.264 haifunguliwi na sehemu maalumu ya kompyuta nyingi, hata za bei ghali. Usibishane na mashine. Unapopatana na mpiga video, mwombe nakala mbili: ya 4K ya kuhifadhi, na ya 1080p ya H.264 ya kutazama.

Tatizo lilianza baada ya kuwekewa Windows upya. Kwa nini?

Yamkini draiva ya picha haikuwekwa. Fungua Device Manager, kisha Display adapters. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter badala ya Intel, AMD au NVIDIA, Windows inaonyesha picha kwa draiva ya dharura isiyojua kufungua video. Rudi kwa aliyekuhudumia umwambie, "Fundi, draiva ya Intel bado haijaingia, naomba uniwekee ya kutoka kwa mtengenezaji." Ni kazi ya dakika chache, na haina sababu ya kulipiwa mara ya pili.

Ukiwa hapo hakikisha pia kwamba Chrome, chini ya System katika mipangilio, inaruhusiwa kutumia kadi ya picha. Kwa faili za ndani weka VLC, programu ya bure iliyoanzishwa na wanafunzi wa Ufaransa. Inafungua HEVC bila kudai kiongezi cha kulipia kama inavyofanya programu ya Windows yenyewe. Katika Preferences, chini ya Input / Codecs, weka Hardware-accelerated decoding kuwa Automatic.

Inaanza vizuri, lakini baada ya dakika chache inachoka.

Hiyo ni dalili ya joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi ili isiungue, na fremu zinaanza kudondoka.

Vumbi la huku ni jepesi na linapenya kila mahali, hasa Januari na Februari kabla ya mvua za masika. Ukifungua kifuniko cha chini cha laptopu iliyokaa miaka miwili Lanet au Free Area bila kusafishwa, feni yenyewe unaweza kuiona safi kabisa. Tazama nyuma yake, pale feni inapopulizia mapezi membamba ya shaba: kuna utando wa kijivu, mnene kama kitambaa, umeziba mlango wote wa hewa. Utando huo hutoka mzima kwa kibano. Kisha pasta ya joto iliyo kati ya prosesa na bomba la shaba ibadilishwe, maana hukauka na kupasuka. Feni ishikiliwe kwa kijiti isizunguke wakati wa kupulizwa. Na tafadhali, laptopu isipelekwe kwa kompresa ya mafundi wa magurudumu. Hewa ile ina unyevu na nguvu iliyopita kiasi.

Baridi ya Julai nayo ina lake. Laptopu ikiwekwa juu ya blanketi kitandani inazibwa matundu ya chini. Weka ubao au trei.

Chaja pia inahusika. Dell huikagua chaja yake, na isipoitambua hupunguza kasi ya prosesa na kukataa kuchaji betri. Ukiona onyo kuhusu chaja wakati wa kuwasha, usilipuuze. Na stima ikipotea ukabaki kwenye betri, Windows ikiingia hali ya kuokoa nguvu, kukwama ni jambo la kutarajiwa.

Nikiongeza RAM, itasaidia?

Ikiwa una GB 4 na vichupo ishirini vya Chrome viko wazi, ndiyo. Ikiwa una GB 8 na prosesa ya kizazi cha 4, video ya HEVC itakwama vilevile hata ukifikisha GB 16. Angalia Memory pale pale ulipotazama GPU. Isipojaa, pesa yako ibaki mfukoni.

Na flashi?

Video ya 4K ya fremu 60 kutoka iPhone hula karibu MB 400 kwa dakika, yaani chini ya MB 7 kwa sekunde. Flashi nzuri inamudu, ya bandia huenda isimudu. Nakili faili kwenye diski ya kompyuta kisha uicheze kutoka huko. Ikitulia, kosa lilikuwa la flashi.

Vipi kama dalili ni za mtandao?

Netflix hupendekeza megabiti 15 kwa sekunde kwa 4K na 5 kwa 1080p. YouTube hutaja 20 kwa 4K. Pima kasi ukiwa umeunganisha laptopu kwenye ruta kwa waya, kisha upime tena kwa waifai ukiwa pale unapokaa. Ya waya ikiwa nzuri na ya waifai mbovu, kampuni ya intaneti haina kosa. Kuta za mawe hupunguza nguvu za waifai, na katika magorofa yenye ruta kila mlango bendi ya 2.4 GHz hujaa haraka, kwani ina chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Hamia 5 GHz kama uko karibu na ruta, au vuta waya. Ya waya nayo ikianguka kila jioni, andika saa na kasi kwa siku kadhaa kabla ya kupiga simu ya malalamiko. Anayetumia bando la simu akumbuke kwamba saa moja ya 4K inaweza kumaliza GB 7.

Nimeunganisha kwenye runinga ya 4K, mbona picha inarukaruka?

HDMI 1.4 iliyo kwenye laptopu nyingi za zamani hutoa 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde. Video ya 60 itapoteza nusu ya fremu. Shusha skrini hadi 1080p katika mipangilio ya Windows, utapata 60 zako. Runinga nyingi za 4K pia hucheza HEVC zenyewe: chomeka flashi nyuma ya runinga uiache laptopu ipumzike.

Nikiamua kununua nyingine, nichague ipi?

Usishuke chini ya kizazi cha 8. Kinafungua HEVC ya biti 10 na VP9, na ndicho ambacho Windows 11 inaanzia kwa prosesa nyingi za Intel. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo bei rahisi ya mashine ya kizazi cha 4 au cha 6 ina sababu. Nenda dukani na flashi yenye video yako mwenyewe ya 4K. Inakili kwenye mashine, ichomoe chaja, uicheze kwa dakika kumi huku mchoro wa Video Decode ukiwa wazi pembeni na mkono wako uko penye tundu la feni. Muuzaji asipokuruhusu kufanya hivyo, nenda duka jirani.