Somo la Umoja wa Mama: Maumivu Tunayoyaficha

Someni: Mwanzo 18:9-15, 1 Wakorintho 7:3-5.



Maandiko hayaoni haya kutueleza kwamba hedhi ya Sara ilikuwa imekwisha, wala kwamba alijiuliza moyoni kama wazee wangali na furaha ya ndoa. Basi nasi tuseme wazi juu ya jambo linalowatesa wengi wetu kwa siri.

1. Jambo lenyewe. Kwa kawaida hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Homoni iitwayo estrojeni hupungua, na ngozi ya ukeni huwa nyembamba na kavu. Mama huwashwa, huungua akikojoa, na tendo la ndoa humwumiza. Lile joto la ghafla huelekea kupungua kadiri miaka ipitavyo, lakini ukavu huu usipotibiwa hudumu. Aliyetibiwa saratani ya shingo ya kizazi kwa mionzi aweza kupatwa na haya hata akiwa kijana, na uke wake waweza kusinyaa.

2. Yanayosaidia. Tusijisafishe ndani kwa sabuni, wala tusitie dawa za unga au majani. Hayo huzidisha madhara. Vipo vilainishi vya maji vya kutumia wakati wa tendo la ndoa, na vingine vya kurudisha unyevu, vya kutumia kila baada ya siku mbili tatu. Wenye kutumia kondomu wasitumie mafuta, kwa maana huzipasua. Isipotosha, daktari aweza kutoa estrojeni kidogo ya kutia ukeni, ya krimu au ya vidonge. Hufanya kazi baada ya majuma kadhaa. Aliyeugua saratani ya matiti asiitumie kabla ya kushauriana na daktari wake wa saratani. Aliyepigwa mionzi aulize habari za kifaa cha kupanua uke.

3. Onyo. Damu ikitoka baada ya hedhi kukoma, hata tone moja, usiseme ni ukavu tu. Nenda hospitali upimwe, kwani yaweza kuwa dalili ya saratani.

4. Nyumbani. Mama akinyamaza na kujitenga, mume hudhani amechukiwa. Naye mume akilazimisha, mkewe huumia mwili na moyo. Mtume Paulo anawapa wote wawili haki na wajibu, na kuwataka wapatane. Basi mama amwambie mumewe, naye baba asikilize kwa upole, wasihimizane kwa haraka. Upendo wa Kikristo haudai kwa kuumiza.

Maswali ya kuzungumza:
(a) Kwa nini twaona haya kumweleza mganga wa zahanati shida hii?
(b) Tutawasaidiaje wenzetu waliotoka kwenye matibabu ya saratani?
(c) Ni nani atakayewafundisha akina baba?

Tumalize kwa kuwaombea, bila kuwataja majina, wote wanaoumia kimya.