Asidi ya foliki: tembe inayopaswa kuanza kabla ya kliniki

Mama mjamzito anayehudhuria kliniki katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, au katika kituo kingine cha afya cha umma Nairobi, hupewa tembe zenye madini ya chuma na asidi ya foliki. Wengi huziita dawa ya kuongeza damu. Jina hilo si la uongo, ila limeficha nusu ya kazi yake.

Asidi ya foliki ni vitamini B9. Mwili huitumia kutengeneza damu na, kwa mtoto aliye tumboni, kufunga mfereji unaogeuka kuwa ubongo na uti wa mgongo. Mfereji huo hufunga katika siku 28 za kwanza tangu mimba kutungwa. Usipofunga, mtoto huweza kuzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi maji hujaa kichwani. Wakati huo wanawake wengi hawajui hata kama wana mimba, na wengi nchini huanza kliniki baada ya mwezi wa tatu. Tembe inayoanzwa mwezi wa tano hujenga damu, lakini kwa mgongo imechelewa.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke ameze mikrogramu 400 kila siku tangu anapoanza kutafuta mtoto hadi wiki ya 12 ya mimba. Aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji kipimo kikubwa zaidi, kwa agizo la daktari. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1991 ulionyesha kuwa kwa akina mama kama hao, foliki ilizuia takriban visa 72 kati ya kila 100. Anayemeza dawa za kifafa naye amwone daktari kabla ya kushika mimba.

Chakula husaidia: ndengu, maharagwe, kunde na mchicha usiochemshwa hadi ukaisha. Tangu 2012 sheria inataka unga wa mahindi na ngano wa pakiti uongezwe virutubishi, foliki ikiwemo. Unga unaosagwa kwenye mashine ya mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo, na ndio unaonunuliwa na wengi.

Tembe ya kliniki ikichafua tumbo, imezwe usiku baada ya chakula. Chai isubiri saa moja au mbili, kwa sababu huzuia chuma kuingia mwilini. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Aliyesahau jana asimeze mbili leo.

Tembe za foliki za miligramu 5 zinazouzwa madukani zina zaidi ya mara kumi ya kipimo cha kawaida. Zinaweza kuficha upungufu wa vitamini B12, na hudhoofisha dawa ya SP ambayo wajawazito hupewa kuzuia malaria katika kaunti kama Busia na Kwale. Anayesafiri huko aonyeshe tembe zake kliniki.

Pakiti iwekwe mbali na watoto: chuma kingi kinaweza kumuua mtoto mdogo. Akimeza, apelekwe hospitalini mara moja, hata akionekana mzima.