SOMO LA MICHEZO: REFA WA BESI ASIMAME WAPI?



Safari hii tunazungumza na vijana pamoja na viongozi wao wa michezo. Msichana aliyecheza raunda shuleni hushika softiboli upesi, kwa hivyo mchezo huu unavifaa sana vikundi vyetu. Taabu haiko kwa wachezaji. Taabu iko kwa marefa. Tukibahatika tunapata wawili. Mmoja anasimama nyumbani, nyuma ya mshikaji, naye ana kazi yake ya kuamua kila mpira unaotupwa. Wa pili anaambiwa tu, "Wewe angalia besi." Ati angalia besi! Besi ni tatu, wakimbiaji waweza kufika watatu, na mpigaji akianza kukimbia wanakuwa wanne. Refa mwenyewe ana macho mawili.

Somo hili ni la huyo wa pili.

Pengine mtasema hii ni michezo tu. Lakini fikirieni wasichana waliochanga pesa za matatu kuja kucheza katika kijiji kingine. Mmoja wao anakimbia kwa nguvu zake zote, na refa aliyesimama mahali pabaya anainua ngumi: auti! Hakuona, amekisia tu. Nao wasichana wanajua amekisia, maana mtu anayekisia hujulikana. Wiki ifuatayo nusu yao hawaji mazoezini, na ni pale mazoezini mlipokuwa mkizungumza nao mambo ya akiba, afya na kurudi shuleni. Kikundi cha mwaka mzima chaweza kuvunjika hivyo. Ndiyo sababu naomba tusimweke mtu awe refa kwa vile tu anaheshimika. Katekista ni mtu wa heshima, lakini kama hajui asimame wapi, heshima yake yenyewe itaishia uwanjani.

KONA NI BORA KULIKO UKARIBU

Watu wengi hudhani kwamba refa mzuri ni yule anayekaribia sana. Si kweli. Ukisimama mita moja kutoka kwa besi, utaona mguu au utaona mpira, huwezi kuona vyote viwili. Ukisimama nyuma ya mkimbiaji, mgongo wake unakuziba. Na ukisimama katika njia ileile ya mpira, ukiuona unakuja moja kwa moja upande wako, huwezi kujua umefika saa ngapi, mbali na kwamba waweza kukuvunja meno.

Unachotafuta ni kona, kama kona ya kitabu. Mpira unapotupwa kwenda besi ya kwanza, simama mahali ambapo njia ya mpira inapita mbele yako, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hapo utaona vitu vinne kwa pamoja: mpira, mkimbiaji, mlinzi na besi yenyewe. Kimoja kikifichika, hujapata mahali pako.

Umbali nao una kipimo. Pale ambapo mlinzi anahitaji kugusa besi tu akiwa na mpira, mita tano hivi au zaidi kidogo zatosha, na ni afadhali kuliko karibu zaidi. Pale ambapo ni lazima amguse mkimbiaji mwenyewe, sogea hadi mita tatu au nne, kwa sababu mguso wa glavu kwenye bega ni kitu kidogo sana kuona. Na katika mguso, kona yako ipime na njia ya mkimbiaji, si njia ya mpira.

Halafu simama. Refa anayekimbia huku akiamua, macho yake yanarukaruka kama yuko ndani ya matatu kwenye barabara mbovu. Afadhali uwe mbali hatua mbili lakini umetulia.

MPIRA NDANI, WEWE NJE

Sasa hili ndilo la kushika kichwani hata ukisahau mengine yote. Uwanja una besi nne, pamoja na nyumbani, na kutoka besi moja hadi nyingine ni mita 18.29, yaani futi 60. Umbo lake huitwa almasi. Mpira ukiwa bado ndani, mikononi mwa walinzi wa karibu, wewe kaa nje ya almasi. Mpira ukipita ukaenda nyuma kwa walinzi wa mbali, wewe ingia ndani ya almasi.

Sababu ni rahisi. Mpira ulio ndani utatupwa kutoka ndani, kwa hivyo ukiwa nje unauona unakuja na humzibii mtu. Mpira ulio nyuma utarudi kutoka nyuma, na ukiwa ndani unaweza kuutazama pamoja na wakimbiaji wanaokuzunguka. Ukikosea hapa utajikuta umeupa mpira mgongo, na hapo huna unaloweza kuamua.

KABLA HAKUJAWA NA MKIMBIAJI

Kama besi zote ziko wazi, simama nyuma ya besi ya kwanza, mita sita hivi, mwili wako wote ukiwa katika eneo la faulo, kando tu ya mstari. Hapa kwetu watazamaji hupenda kujaa mahali hapohapo, wakiwa na watoto na hata baiskeli. Waondoe kabla ya mechi kuanza, kwa adabu. Ukingoja hadi mchezo uanze umechelewa.

Mpigaji akipiga mpira wa chini kwenda kwa shotistopu au mlinzi wa besi ya tatu, ingia hatua chache katika eneo halali, tafuta kona yako, simama. Usiingie sana hadi ukaisahau besi. Lakini kama mpira umeshikwa na mlinzi wa besi ya pili, au karibu na mstari wako, bakia katika eneo la faulo, kwa sababu kona nzuri iko hapo. Ukiwa umetulia, tazama besi na mguu, na usikilize mpira ukiingia kwenye glavu. Macho kwa mguu, masikio kwa mpira. Ukisikia glavu kwanza, auti. Ukiona mguu kwanza, salama. Lakini usiinue mkono mpaka uhakikishe mpira haukudondoka. Kungoja kidogo hakujamdhuru refa yeyote.

Uwanja mwingine una besi ya kwanza ya vipande viwili, cheupe na cha rangi ya machungwa. Mlinzi hutumia cheupe, na mpigaji anayewahi besi hukimbilia kile cha machungwa kilicho upande wa faulo. Ni kuzuia wasigongane. Tazama vyote viwili.

Na mpira ukipita hadi nyuma? Kimbia uingie ndani ya almasi mbele ya mpigaji, geuka mara moja kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, uone kama amekanyaga besi ya kwanza, kisha nenda naye mpaka ya pili, na hata ya tatu. Huyo ni wako mpaka hapo.

MKIMBIAJI AKIWA BESI YA KWANZA

Hama. Simama nyuma ya mlinzi wa besi ya pili, katikati ya besi ya kwanza na ya pili, upande mmoja wake usimsumbue. Muulize, "Dada, nakuzuia?" Haigharimu kitu.

Kwa nini nyuma yake na si mbele? Sheria inasema mpira halali uliopigwa ukimgonga refa kabla ya kumpita mlinzi yeyote wa ndani asiye mtupaji, mchezo unasimama na mpigaji anapewa besi ya kwanza. Hebu fikiria timu inayolinda imeshapata nafasi ya auti mbili, halafu mguu wako unawaharibia. Ukiwa nyuma ya walinzi, mpira uliokwisha kuwapita ukikugonga mchezo unaendelea.

Kazi yako ya kwanza hapa ni kumtazama mkimbiaji wakati mtupaji anapotupa. Katika softiboli ya mtupo wa kasi haruhusiwi kuiacha besi mpaka mpira utoke mkononi mwa mtupaji. Akitoka mapema, ni auti, na mtupo huo hauhesabiwi.

Mpira wa chini ukipigwa, songa mbele kidogo uione besi ya pili, amua, kisha geuka pamoja na mpira unapokwenda ya kwanza. Nasema pamoja na mpira, si mbele yake. Marefa wengi wapya hugeuka mapema wakidhani mlinzi ameshatupa, kumbe mpira umemponyoka.

Lakini mpira ukienda nyuma, hapa ndipo marefa wawili wanahitaji kuelewana. Mkimbiaji wa mbele akienda besi ya tatu, refa wa nyumbani huja kumwamua kule. Wewe unabaki na besi ya kwanza na ya pili, yaani na mpigaji. Mwenzako apaze sauti, "Niko tatu!" nawe ujibu, "Sawa!" Bila maneno haya mawili mtajikuta nyote wawili mko besi ya tatu, na besi ya pili iko kama yatima. Au mbaya zaidi, mmoja anasema auti, mwingine salama, na hapo hata Askofu hawezi kuwaamua.

MKIMBIAJI AKIWA YA PILI AU YA TATU

Hama tena. Simama kati ya besi ya pili na ya tatu, nyuma ya shotistopu, hata kama kuna mkimbiaji mwingine besi ya kwanza. Mashindano mengine hupanga tofauti kidogo, basi ulizeni mwongozo wao kabla ya kuanza.

Mahali hapa ni pagumu, kwa sababu besi ya kwanza iko mbali. Mpira wa chini ukipigwa, usikimbilie kule. Kwanza hakikisha hautupwi kwa mkimbiaji wa mbele. Ukiona umekwenda ya kwanza, piga hatua chache kuelekea katikati upate kona, kisha tulia. Utaamua ukiwa mbali, na watu watapiga kelele kwamba hukuwa karibu. Waache wapige. Kona nzuri kutoka mbali ni bora kuliko kukimbia na kuona vumbi.

Mpira ukirushwa juu ukadakwa nyuma, mkimbiaji wa besi ya tatu ni wa refa wa nyumbani. Hao wengine, uone kama walingoja mpira uguswe kwanza kabla ya kuondoka.

ZOEZI KABLA YA JUMAMOSI

Chora almasi juu ya meza kwa chaki. Walinzi wawe vifuniko vya soda, wakimbiaji maharagwe, na marefa punje mbili za mahindi. Mmoja ataje hali ilivyo, kwa mfano: "Mkimbiaji yuko ya kwanza, mpira umepita kati ya walinzi wa mbali." Wengine wasogeze punje mbili bila kuzungumza, kisha kila mtu aeleze kwa nini. Mkitofautiana, fungueni kitabu cha sheria.

Baadaye nendeni uwanjani. Pimeni mita 18.29 kwa kamba, wekeni viroba vya mchanga mahali pa besi, na mrudie hali zilezile kwa mwendo wa kutembea kwanza, kisha kwa kukimbia. Wale wasichana ambao hawachezi, wakiwemo mama wachanga waliorudi kikundini, wapewe zamu ya urefa sawa na wengine. Kila baada ya mipira kumi, refa wa besi abadilishane na wa nyumbani.