SOMO: Tugawane Kazi, Tusigawanyike



Vikundi vingi tunavyotembelea Kibera na Kawangware havivunjiki kwa kukosa watu. Vinavunjika kwa sababu kila mtu anashika kila kitu, ama wote wanamngoja mwenyekiti aseme. Leo tujifunze kutoka kwa wenzetu wa Map Kibera.

Hadi 2009, Kibera ilikuwa karibu haionekani kwenye ramani zilizo wazi kwa wananchi. Mwaka huo vijana wa mtaa walizunguka na vifaa vya GPS, wakaandika mahali pa maji, vyoo, zahanati na shule. Baadaye yakawa makundi matatu. Kundi la kwanza, ramani. La pili, Kibera News Network, video. La tatu, Voice of Kibera, kupokea habari za wakazi kwa ujumbe wa simu. Kwenye uchaguzi wa Machi 2013 wakazi walituma ujumbe, wahariri wakahakikisha, ndipo habari zikawekwa kwenye ramani.

Tunapata mafunzo matatu:

1. Kila timu ijue kazi yake, na pale inapoishia.

2. Ndani ya kazi hiyo, timu iamue yenyewe. Mambo madogo yasingoje mkutano wa Jumapili.

3. Mahali pa kukabidhiana pajulikane. Hapa ndipo mambo huharibika. Tuchukue kikundi cha kuzoa taka Kawangware: hawa wanaleta magunia, wale wanachambua plastiki na chuma, wengine wanauza, mweka hazina anapokea pesa. Magunia yasipohesabiwa kila yanapokabidhiwa, pesa zikipungua kila mtu atamshuku mwenzake, na kikundi kimekwisha. Basi aletaye na apokeaye wahesabu pamoja, waandike, wote wawili watie sahihi.

Siku hizi hata wataalamu wa kompyuta wanagawa kazi moja kwa programu kadhaa zinazojiendesha, na swali ni lilelile: nani anampokelea nani, na nani anahakikisha?

Maswali ya kujadiliana:

(a) Katika kikundi chetu, ni kazi gani haina mwenyewe?
(b) Ni wapi vitu au pesa hukabidhiwa bila kuandikwa?
(c) Mtu wa timu moja akiugua, nani atashika nafasi yake?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole vikivutana, chawa naye hutoroka.